Mkwe Yuko Dirishani

Navalayo aliisikia sauti kabla hajauona uso. "Hii ni mara mbili kwa siku, baada ya chakula. Sawa, Mama?" Sauti ilitoka kwenye kidirisha cha dawa cha zahanati, na mkono ukachomoza chini ya wavu ukiwa umeshika pakiti. Mbele yake walikuwa wamebaki akina mama wawili tu. Hakuhitaji kuinama achungulie. Sauti hiyo aliwahi kuisikia akiwa jikoni kwake, siku ile wageni walipokuja kumwomba Mildred, ikijieleza polepole sebuleni kwamba jina lake ni Shikanga na amesomea mambo ya dawa.

Mkwe wake, mume wa mtoto wake wa pekee, ndiye aliyekuwa dirishani.

"Mama, si usonge, foleni inaenda," mwanamke wa nyuma yake akasema.

"Pita tu. Nimesahau kitu."

"Umesahau nini na umeshafika?"

"Si nimesema nimesahau!" Akavuta leso mpaka kwenye nyusi, akala kona ya jengo, akapita nyuma ya tangi la maji na kutokea soko la Khayega, siku hiyo si ya soko, mikono mitupu.

Najua wapo watakaouliza: kwani angekufa akinyoosha mkono na kuchukua dawa yake? Hao waulize kwao. Kwa akina Navalayo, mama na mume wa binti yake hawatazamani machoni. Hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, hawali pamoja. Wakikutana njiani, mama anaiacha njia, hata kama ni kuingia katika mahindi ya wenyewe, mpaka kijana apite. Jina la mkwe halitaji. Siku hizi wapo wanaokumbatiana kanisani na kupigwa picha wakichekeana, na mbingu haijaanguka. Lakini Navalayo alilelewa na nyanya asiyekuwa na mzaha katika hayo, na watu wa kwa Shikanga nao wameyashika vivyo hivyo. Zawadi ambazo zingelegeza heshima hiyo kidogo zilikuwa hazijatolewa. Ndoa yenyewe ilikuwa changa.

Na hilo la macho ndilo lililokuwa dogo. Kubwa lilikuwa dawa yenyewe.

Dawa hiyo Navalayo alikuwa ameipata kwa Daktari Kibiwott, huko mjini Kakamega, baada ya kuhangaika sana. Ugonjwa ulimvamia kwa mara ya kwanza hapohapo sokoni, kuku wawili mkononi, akibishana bei na mteja. Moyo ukaanza kumwenda mbio bila sababu, kifua kikambana, vidole vikafa ganzi, akajua saa yake imefika. Akaketi chini kwenye manyoya na kinyesi cha kuku, akingoja kufa. Hakufa. Lakini siku nyingine jambo lilelile likarudi, na tena, na kila alipopimwa aliambiwa moyo mzima, damu nzima, presha nzuri. "Hauna kitu," watu wakamwambia, na hakuna neno lililomchosha kama hilo. Mtu huna kitu na unakufa kila wiki?

Kibiwott hakumwambia hana kitu. "Ni ugonjwa wa wasiwasi, Mama," alisema. "Ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Si wazimu, na wala hujilegezi." Akamwandikia kidonge kimoja cha kila asubuhi, akamkanya sana. "Kitachukua wiki kadhaa ndiyo uone tofauti, usichoke. Ukishapata nafuu, usiache ghafla. Ukitaka kuacha, njoo tupunguze pamoja, kidogo kidogo. Usichanganye na dawa nyingine kabla hujaniuliza. Na usimgawie mtu. Nyinyi akina mama mnagawianaga dawa kama chumvi." Navalayo alicheka, maana ni kweli tupu.

Basi akatii. Zile wiki za kwanza alimlaani daktari kimoyomoyo. Halafu jioni moja akajikuta amepika, amekula, ameosha sufuria, na alikuwa akiimba wimbo wa kanisa bila kujua alianza saa ngapi. Mwishowe Kibiwott akapanga awe anachukua dawa zake zahanati ya karibu na kwao, asiteseke na safari. Na huko karibu ndiko serikali ikamleta Shikanga.

Siku ile ya kumwomba Mildred, mama yake Shikanga aliuliza swali moja kwa sauti ya juu: "Na huku kwenu hakuna ugonjwa wa kichwa? Tuseme ukweli, sisi tunajenga ukoo." Kaka yake Navalayo akajibu haraka, "Mama, sisi ni wazima wote." Navalayo aliyasikia hayo akiwa jikoni, anageuza obusuma, yaani ugali, na kidonge cha asubuhi kimo tumboni mwake. Hakutoka kuwasahihisha. Angetokaje?

Sasa yule mkwe akishika pakiti ile na kusoma jina lililoandikwa juu yake, si atajua? Atamwambia mama yake. Mama yake atasema walidanganywa, na Mildred ndiye atakayelipia. Navalayo hakuwa na mtu mwingine duniani. Mume alikuwa amelala chini ya migomba kitambo, na kaka zake walikuwa watu wa kuonekana kwenye matanga. Alikuwa na Mildred tu, na Mildred alikuwa na ndoa yake.

Kwa hiyo, alipofika nyumbani, akavitazama vidonge vilivyobaki, akavifunga tena. Akaamua kuvinyoosha: leo anakunywa, kesho anaruka.

*

"Wewe Navalayo! Umesikia?" Rosebella, anayeuza mitumba pembeni mwa matenga yake ya kuku, alipasuka kwa furaha siku ya soko iliyofuata. "Mkwe wako ndiye mtu wa dawa hapa zahanati! Yaani wewe umeshinda. Ukiumwa tu, unapiga simu, unaletewa mlangoni."

"Namba yake sina."

"Mkwe wako huna namba yake?"

"Ya nini? Nimwambie nini?"

Rosebella akacheka mpaka akashika mbavu. Ni mwanamke mwema, Rosebella. Kama ana sukari, na wewe una sukari. Lakini siri kwake ni kama maji kwenye ungo, na Navalayo alikuwa analijua hilo vizuri. Akageukia kuku wake, akawamwagia maji ambayo hayakuwa yamepungua.

Mildred naye akapiga simu. "Mama, Shikanga ameletwa huko kwenu."

"Nimesikia."

"Sasa kama kuna kitu kinakusumbua, uwe unaenda."

"Mimi nasumbuliwa na nini? Mimi ni mzima."

"Sauti yako iko chini."

"Ni mtandao."

"Mama."

"Mildred, nina wateja." Hakuwa na mteja hata mmoja. Alikuwa ameketi kitandani, mchana, mlango umefungwa, na simu ilipokatika aliiweka mapajani akabaki anaitazama. Alitaka sana ilie tena, na alijua kwamba ikilia atasema uongo uleule.

*

Kidonge hicho si mchezo wa kuruka kamba. Mwili ulianza kulalamika, na vidonge vilipoisha kabisa ukazidi. Akigeuza macho tu, kitu kinampiga kichwani kama shoti ya stima, tss, mpaka anashika ukuta. Akawa analowa jasho asubuhi ya baridi, analia kwa ajili ya mambo yasiyo na kilio: kuku aliyevunjika kucha, sufuria iliyoungua. Halafu yule adui wa zamani akarudi, na safari hii alikuja na hasira. Kifua kilimbana akiwa msalani, akiteka maji, akiwa amepiga magoti anasali. Kanisani akaanza kukaa benchi la mwisho karibu na mlango, kisha akaacha kwenda.

Si angeenda mjini kwa Kibiwott aeleze! Nauli haikuwa mlima. Na siku moja alifika kweli mpaka stejini, amevaa viatu vya Jumapili. Akasimama akiyapanga maneno: Daktari, nimeacha dawa kwa sababu mkwe wangu ndiye anazitoa. Akaona jinsi daktari atakavyocheka. Hangecheka. Kibiwott mwenyewe ana mama mkwe, na kwao pia kuna njia za kupishana. Lakini Navalayo angejulia wapi? Aibu ilimgeuza akarudi nyumbani, viatu mkononi.

"Unaumwa nini wewe?" Rosebella akamuuliza. "Unatembea kama umebeba mayai kichwani."

"Mgongo," Navalayo akasema. Lilikuwa neno la kwanza lililomjia.

"Ungesema! Mzee wangu alipoteguka kiuno alipewa kapsuli kali sana, zingine zilibaki. Chukua." Na kweli alasiri hiyo akamletea, zimefungwa kwenye pembe ya leso, kwa moyo mweupe kabisa. Navalayo alizichukua kwa sababu kuzikataa kungeleta maswali.

Kisha akafanya lile ambalo, siku zake nzuri, angemkemea mtu mwingine akilifanya. Alipanda bodaboda mpaka soko jingine, mahali ambapo hakuna anayemjua, akaingia kemisti moja ndogo yenye rafu nusu tupu. Muuzaji alikuwa anatazama mpira kwenye simu.

"Nataka kitu cha kutuliza moyo. Nilale."

"Umeandikiwa na daktari?"

"Karatasi nimeiacha nyumbani."

Muuzaji akainua macho, akamwona mama mtu mzima, mwenye heshima zake, akarudi kwenye mpira. Mkono wake mmoja ukafungua kopo, ukamwaga vidonge vidogo vya manjano kwenye bahasha ya kaki. Hakuuliza kama kuna dawa nyingine anayokunywa. Hakumwambia vitamletea nini. Navalayo alimshukuru, na alimshukuru hasa kwa kutomuuliza.

Kidonge cha kwanza kilimpa usingizi ambao hakuwa ameupata kwa muda mrefu. Akaamka akiona amepata dawa. Lakini usiku uliofuata kimoja hakikutosha.

*

Siku ya soko aliamka moyo unagonga kama mtu anayedai mlango ufunguliwe. Akameza viwili vya manjano. Mgongo, ule aliousingizia, sasa ulikuwa unauma kikweli, akaongeza na kapsuli ya Rosebella. Alipofika sokoni na kupanga matenga yake, moyo ulikuwa bado haujatulia, akameza viwili tena na chai ya strungi.

Baadaye hakukumbuka vizuri. Alikumbuka mteja akiuliza bei ya jogoo mwekundu, na yeye akijua jibu lakini ulimi umegoma. Alikumbuka jua likiwa usoni na hana nguvu ya kugeuka. Na alisikia watu.

"Huyu si ni mama Mildred?"

"Amelewa."

"Saa hii? Mama wa kanisa?"

"Si unaona? Mate haya."

Mtu akacheka. Mwingine akasema, ngoja, usimguse, nipige picha kwanza. Navalayo aliyasikia hayo yote na hakuweza kufumba mdomo wake uliokuwa wazi. Watu wakamzunguka, na katika watu wote wale hakuna aliyeinama. Hiyo ndiyo aibu iliyomkaa rohoni hata baadaye, kuliko picha.

Rosebella alikuwa ameenda kunywa uji. Aliporudi akawapasua kwa viwiko. "Tokeni! Amelewa nini, huyu hata busaa hajui ladha yake!" Akampiga makofi mashavuni, akaona midomo imebadilika rangi, akapiga yowe. Wakampakia kwenye bodaboda, dereva mbele, Navalayo katikati, na Rosebella nyuma amemkumbatia asidondoke. Leso ya Navalayo ilianguka barabarani na hakuna aliyerudi kuiokota.

*

Nesi Christine, mwanamke mnene mwenye mikono ya haraka, alimlaza kitandani na kuvuta pazia. "Mama! Fungua macho. Umekunywa nini leo?"

"Panadol," Navalayo akasema.

"Ngapi?"

"Mbili. Kichwa tu."

Rosebella alikuwa amesimama mlangoni. Kapsuli zile zilimjia akilini. Kama ni zile, je? Akasema anaenda kumlipa mtu wa bodaboda, akatoka, na hakurudi haraka.

Christine alikuwa ameshashika kipimo cha presha, na nyayo zikaja upesi kwenye korido, zikasimama ghafla nje ya pazia. Mtu hakuingia. Hata katika ule uzito wa kichwa, Navalayo alijua ni nani. Akajaribu kujifunika kichwa, akakuta hakuna leso. Nywele zake zilikuwa nje, mvi zote wazi, na gauni limepanda magotini. Machozi yakamtoka hapohapo.

"Anasema ni panadol," Christine akasema kwa pazia.

"Panadol haimfanyi mtu hivyo," sauti ikajibu. "Angalia anavyopumua. Mwulize tena."

"Mama, ni nini kingine?"

"Panadol."

"Mama, utatuponyoka hapa. Ni nini?"

Navalayo akafumba macho. Alitaka kulala tu. Kulikuwa na usingizi mzuri unamngoja, mpana, usio na moyo unaogonga, na hakuona ubaya wowote wa kuuingia na siri yake. Kama atakufa, atakufa mama mzima, na Mildred atabaki na jina safi. Hilo alilifikiria kabisa, kwa utulivu, na ndilo lililokuwa la hatari kuliko vidonge.

"Mama."

Haikuwa sauti ya Christine.

"Mama, ni mimi. Nimegeukia ukuta. Sikuoni." Ilikuwa sauti ya Shikanga, kijana wa watu. Tangu aoe hakuwa amemwelekezea mama mkwe wake neno hata moja. "Nisamehe kwa kuongea na wewe. Ile dawa yako ya asubuhi naijua. Niliikuta hapa siku ya kwanza, nikakuwekea. Sijamwambia mtu, hata Mildred, na hiyo sikuulizi. Nakuuliza ya leo. Kuna gari la wagonjwa nitaliita sasa hivi, na watakaokupokea wakikosea kwa sababu hawakujua, utakufa. Nitaenda kumwambia nini Mildred? Niambie, Mama. Nitamwambia nini?"

Pale nje kulikuwa na watu wanakohoa kwenye benchi. Navalayo akalala akisikiliza pumzi ya kijana yule upande wa pili wa kitambaa. Alimwona kwa akili, uso ukutani, kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni.

"Vya manjano," akasema.

"Vidogo?"

"Vidogo. Viwili. Halafu viwili."

"Vya kulalia? Ulivitoa kemisti?"

"Ee."

"Na nini tena?"

"Kapsuli. Ya Rosebella, ya mgongo."

"Moja?"

"Moja."

"Pombe?"

"Mimi sinywangi pombe, mkwe." Neno hilo lilimtoka lenyewe. Alikuwa amemjibu. Alikuwa amemwita.

"Najua, Mama. Lazima niulize. Ile ya asubuhi uliacha lini?"

Navalayo akasema, "Ulipokuja."

Sauti ya nje ya pazia ikarudi, imekauka, ya mtu wa kazi: "Christine, mlaze kwa ubavu. Mwekee oksijeni, na usimwache peke yake hata kidogo. Mwongeleshe." Nyayo zikakimbia.

*

Walimweka hospitali mjini mpaka akili ikarudi mahali pake. Kibiwott alikuja, akavuta kiti, na hakumgombeza. Navalayo angependelea kugombezwa. "Kapsuli ile na vile vidonge, pamoja, vinazima pumzi," alimwambia. "Na ile ya asubuhi uliikata wakati mwili umeizoea. Sasa tunaanza tena, kwa kiasi kidogo. Vya manjano viache kabisa. Na safari nyingine jambo likikuzuia, hata likiwa la ajabu namna gani, uje uniambie."

"Hata la mkwe?"

"Mama, mimi yangu nikikusimulia utacheka."

Christine, aliyemsindikiza kwenye gari, alirudi kumwona siku yake ya mapumziko na chupa ya chai. Yeye ndiye aliyemwaga mtama. "Nilikuwa nashangaa kitu. Tangu huyu kijana aje, kila siku ya soko ananiambia nikae dirishani mimi, yeye anajifungia stoo. Nikamwuliza, unajificha madeni? Akasema kuna mtu ambaye siku hiyo huwa anakuja Khayega, na ni lazima achukue dawa zake bila kuvunjiwa heshima. Hakutaja nani. Siku ile ndiyo nikaelewa."

Navalayo akageukia ukuta. Kila siku ya soko alikuwa ameipita zahanati ile kichwa chini, anakimbia, na kijana yule alikuwa amekaa kwenye stoo yenye giza, anampisha. Kila mmoja akimheshimu mwenzake mpaka nusura wafikie kaburi. Na hakuna kati yao aliyekuwa na mdomo wa kumwambia mwingine. Alilia mpaka Christine akaacha kumbembeleza, akamshika tu mguu juu ya blanketi.

*

Mildred ndiye aliyemrudisha nyumbani. Alifagia, akapika ingokho, kuku wa kienyeji, akaosha vyombo kwa kelele, na Navalayo akajua hasira ile itatoka tu.

"Ningekuwa wa mwisho kujua, sivyo? Nije kuambiwa uko mochari."

"Sikutaka uharibikiwe."

"Picha imefika kwao, Mama. Mama yake Shikanga ameiona." Mildred akaweka sahani chini. "Amesema walidanganywa. Amesema maneno mengi."

Ilikuwa imetokea. Kile alichokikimbia miezi yote hiyo kilikuwa kimetokea, na yeye bado alikuwa ameketi kwenye kiti chake, anapumua. "Na mume wako?"

"Alimwuliza, 'Mama, na zako za presha unazokunywanga, ulizitaja siku ile?'" Mildred akacheka, na hapohapo uso ukamharibika. "Tangu hapo mama yake haongei na mimi. Nikimsalimia anaangalia kando."

"Pole, mwanangu."

"Usiniambie pole. Niambie ukiumwa."

Jioni akauliza, "Nikae?" Navalayo alitaka kusema kaa, kaa wiki, kaa mwezi. Akasema, "Rudi kwako. Mume wako hajala." Akamsindikiza mpaka barabarani, akasimama mpaka bodaboda ikapotea, kisha akarudi kwenye nyumba yenye kiti kimoja kilichotumika.

Sokoni hali ilikuwa ileile aliyoiogopa. Wengine walimwita "mama usingizi" akishapita. Rosebella alimwomba msamaha kwa machozi, akawa sasa haachi kumtangazia kila mtu kwamba dawa ya mtu ni ya mtu. Wateja wengine hawakurudi. Kaka yake alituma ujumbe kwamba yule kijana amevunja mila kwa kuongea na mama mkwe, na lazima wazee wakae. Wakae basi, Navalayo akasema, na akashangaa kusikia kwamba hana woga wa hilo.

Asubuhi ya kwanza nyumbani, simu ililia kabla chai haijachemka. Namba hakuijua.

"Mama. Umekunywa?"

Akaitazama simu. Mila zilikuwa zimesema mengi kuhusu macho na mikono na meza. Kuhusu simu, nyanya yake hakuwahi kusema lolote.

"Nimekunywa."

"Haya." Ikakatika.

Kesho yake tena. Na kesho kutwa. Umekunywa, nimekunywa, haya. Hawakuongeza salamu wala hali ya hewa. Siku nyingine hayo ndiyo maneno pekee aliyoambiwa nyumbani mwake kutwa nzima, na aliyangoja huku ameshika kikombe cha maji, kidonge kiko kiganjani, amevaa leso kichwani kana kwamba kuna mtu anayemwona. Wasiwasi haukuisha. Ulikuja, ukamkalia kifuani, ukaondoka, na taratibu ukaanza kukosa nguvu ya kumwangusha.

Halafu ikaja asubuhi ambayo simu haikulia.

Alingoja. Chai ikachemka, ikafurika, ikazima moto. Basi, mama yake ameshinda, akawaza. Au amechoka. Nani asingechoka na mwanamke mzima wa kukumbushwa? Moyo ukaanza kupanda. Akakaa chini, akaushika, akauacha upande na ushuke kama alivyofundishwa. Kisha akameza kidonge chake, na hakuna mtu aliyemwuliza.

Akashika simu. Hakuwahi kumpigia simu mkwe wake. Iliita mara nyingi mpaka akataka kukata.

"Mama?" Sauti ilishtuka. "Kuna nini? Unaumwa?"

"Hapana. Nimekunywa."

"Aa, Mama, nisamehe. Stima zilipotea, simu ikazima, ndiyo nimeiwasha sasa hivi hapa kazini. Niliamka nikatoka hivyo hivyo, sikutaka kuchelewa."

"Nimekunywa tu. Nilitaka ujue."

"Asante."

Huo ndio mwisho wa maneno yao ya kila siku, na hakuna aliyekata. Navalayo alisikia watu wa foleni wakisongasonga upande wa Shikanga, mtoto analia, mtu akigonga kwenye ule wavu wa dirisha.

"Na wewe," akasema, "umekula?"

Kule nyuma yake mtu akagonga tena wavu.

"Bado, Mama."

"Waambie wangoje," Navalayo akasema. "Enda ukule."